Jinsi ya kusoma tartani: herufi, namba, na rangi ambazo hazimo kwenye uzi

Watu wengi wakiona tartani, ile nguo ya drafti ya Waskoti, ile ya kilti, sketi ya wanaume wao, wanadhani kuna mchoro mahali, yaani kuna msanii alikaa akachora miraba mikubwa na midogo, akapaka rangi, halafu kiwanda kikafuata. Hakuna mchoro. Tartani yoyote unayoijua, hata ile nyekundu ya kifalme inayoitwa Royal Stewart yenye mistari kibao, inaandikwa kwa mstari mmoja tu wa herufi na namba, na mfumaji wa Edinburgh au wa Toronto akipewa huo mstari anakutolea mpangilio uleule bila kuuliza swali la pili. Mfano huu hapa:

K/4 R24 K24 Y/4

Basi, imeisha. Hiyo ni tartani nzima, urefu na upana. Na ndani ya hicho kimstari kuna jambo ambalo mimi naliona ndo zuri kuliko yote kwenye habari hii: zaidi ya nusu ya kitambaa kitakachotoka hapo kina rangi ambazo hakuna mtu aliyezitia kwenye uzi. Hazikupikwa kwenye sufuria yoyote ya rangi, zinazaliwa kwenye kufuma. Twende taratibu tuone zinatokea wapi.

Tuanze na nguo za kwetu. Kanga na kitenge ni vitambaa vya kuchapwa, kitambaa kinafumwa kwanza kikiwa kitupu halafu maua na pindo na maandishi yanakuja juu yake baadaye, ndo maana ukigeuza kitenge cha bei rahisi upande wa nyuma unakuta rangi imefifia. Kikoi ni habari nyingine, pale rangi iko kwenye uzi wenyewe kabla haujafumwa, ila mistari yake mingi inakaa kule pembeni na inakwenda upande mmoja. Tartani inapiga hatua moja zaidi. Unapanga mistari ya rangi kwenye mtande, yaani zile nyuzi ndefu zinazokazwa kwenye kitanda cha mfumi, halafu unarudia mistari hiyohiyo, kwa mfuatano uleule na idadi ileile ya nyuzi, kwenye mshindio, zile nyuzi zinazopita kukatiza. Ulichofanya wima unakifanya na ulalo. Hakuna kingine. Miraba yote unayoiona, mikubwa, midogo, vile vidirisha na vile vistari vyembamba, yote imetokana na mpangilio mmoja kukutana na wenyewe.

Sasa namna nyuzi zinavyokutana ina maana kubwa sana, na hapa wengi wanaoeleza tartani wanapita harakaharaka. Kama ungefuma kwa njia ya kawaida, juu ya uzi mmoja chini ya uzi mmoja, ungepata drafti lakini ungekosa ile mishazari tutakayoiona sasa hivi. Tartani ya kilti inafumwa mbilimbili: uzi wa mshindio unapita juu ya nyuzi mbili za mtande, unazama chini ya mbili, unaibuka tena juu ya mbili, hivyo mpaka mwisho. Uzi unaofuata unafanya vilevile ila unasogea hatua moja pembeni, wa tatu nao unasogea, wa nne nao, halafu wa tano unarudi pale alipoanzia wa kwanza. Kule kusogea ndo kunaleta mishazari, vile vimistari vinavyopanda kama ngazi. Ukitaka kuona mshazari wa namna hiyo chukua suruali yako ya jinzi uiangalie kwa karibu, vile vimistari vya kulala upande ni ndugu wa hivi, ingawa jinzi wao wanatumia hesabu nyingine ya kupita juu na chini.

Hebu sogeza macho kabisa mpaka kwenye kitambaa. Mahali ambapo uzi mwekundu wa mtande umekutana na uzi mwekundu wa mshindio unaona nyekundu tupu, safi. Mahali ambapo nyekundu imekutana na nyeusi unaona vimshazari vyekundu na vyeusi vinapishana, chembamba kwa chembamba, nusu kwa nusu. Rudi nyuma hatua tatu. Jicho haliwezi tena kutenganisha vile vimshazari, linavichanganya lenyewe, na unachokiona sasa ni wekundu mzito wa giza kama damu ya mzee. Huo wekundu haupo. Ukikata kipande pale ukachomoa nyuzi utapata nyekundu na nyeusi, basi. Na kwa kuwa ni mbilimbili, kila uzi unakaa juu kwa nusu na chini kwa nusu, mchanganyiko unatoka sawasawa pande zote mbili za nguo, kwa hiyo hesabu zake zinakaa vizuri bila upande mmoja kuulemea mwingine.

Turudi kwenye kile kimstari chetu, K/4 R24 K24 Y/4. Herufi ni rangi, namba ni idadi ya nyuzi. R ni nyekundu, Y ni njano, K ni nyeusi maana B imeshachukuliwa na bluu. G ni kijani, W nyeupe, N kijivu, T hudhurungi, P zambarau. Wakitaka rangi iwe nzito wanatanguliza D, wakitaka iwe nyepesi wanatanguliza L, kwa hiyo ukikuta DG ujue ni kijani cha giza na LB ni bluu nyepesi. Kimstari kinasema hivi: weka nyuzi nne nyeusi, halafu 24 nyekundu, halafu 24 nyeusi, halafu nne za njano. Ile alama ya / kwenye mwanzo na mwisho ndo inayowachanganya watu. Inamaanisha hapa unageuka. Ukishafika kwenye njano hurudi kuanza upya na K/4, hapana, unarudi kinyumenyume ulikotoka: 24 nyeusi, 24 nyekundu, mpaka kwenye zile nne nyeusi, unageuka tena. Mwendo huo mmoja wa kwenda na kurudi ndo wanauita seti, na nguo nzima ni seti hiyo inajirudia na kujirudia.

Zile nyuzi za kugeukia hazihesabiwi mara mbili. Njano ni nne tu, sio nane, kwa sababu ndo kilele, unapanda na kushuka palepale. Mtu akikosea hapo anapata mstari wa njano mnene mara mbili na nguo nzima inabadilika sura. Tuhesabu basi: nyeusi nne, nyekundu 24, nyeusi 24, njano nne, nyeusi 24, nyekundu 24. Jumla 104. Kitambaa chenye nyuzi 20 kwa kila sentimita, seti yako itakuwa na upana wa sentimita 5.2. Ni ndogo hiyo kwa kilti ya mtu mzima, kwa hiyo mfumaji anaweza kuzidisha kila namba mara mbili, K/8 R48 K48 Y/8, na bado ni tartani ileile kabisa. Kinachobeba utambulisho ni mfuatano wa rangi na uwiano wao, namba zenyewe zinapanda na kushuka kulingana na unene wa uzi na ukubwa wa nguo, tai inataka seti ndogo na blanketi inataka kubwa. Ndo maana ukipekua hesabu za tartani moja kwa wafumaji tofauti unakuta namba hazifanani na hakuna aliyekosea.

Haya, sasa ile ahadi ya zaidi ya nusu. Ndani ya nyuzi zetu 104 nyeusi ni 52, nyekundu ni 48, njano ni nne. Mtande uko hivyo na mshindio uko hivyohivyo. Nyeusi ni nusu ya nyuzi wima na nusu ya nyuzi za ulalo, kwa hiyo mahali ambapo nyeusi inakutana na nyeusi ni nusu ya nusu, asilimia 25 ya kitambaa. Nyekundu kwa nyekundu ni kama asilimia 21. Njano kwa njano haifiki hata robo ya asilimia moja, ni kale kanukta kadogo kanakong'aa pale mistari miwili ya njano inapokatana. Jumlisha, hupati hata asilimia 47. Hiyo ndo rangi halisi yote iliyopo. Zilizobaki, asilimia 53 na ushee, ni michanganyiko: nyekundu na nyeusi peke yake inachukua asilimia 46, yaani ndo rangi kubwa kuliko zote kwenye nguo hiyo, na ni rangi ambayo haimo kwenye uzi hata mmoja. Halafu kuna njano na nyeusi chini kidogo ya asilimia nne, na njano na nyekundu kama tatu na nusu.

Rangi tatu, basi, zimezaa sita. Ukiweka nne zinazaa kumi, tano zinazaa 15, sita zinazaa 21. Kanuni yake ni rahisi: chukua idadi ya rangi, zidisha na namba inayoifuata, gawanya kwa mbili. Lakini angalia kinachotokea kwenye huo mfuatano. Ukiwa na rangi mbili, michanganyiko ni mmoja na rangi safi ni mbili, nguo inaonekana kali, kama ile ya Rob Roy MacGregor ambayo ni nyekundu na nyeusi tu miraba sawasawa. Ukifika sita, michanganyiko ni 15 dhidi ya rangi safi sita, na hapo safi zinaanza kuzama. Kwa hiyo mbunifu anayeongeza rangi kila akiona nafasi anadhani anaongeza uchangamfu, kumbe anaongeza utusitusi, nguo inakuwa laini kwa mbali, haina kitu kinachoruka. Mi naamini kabisa kwamba tartani nyingi mpya zinaharibika hapa. Mtu anataka bluu ya bahari, kijani ya msitu, njano ya jua, nyekundu ya damu ya mashujaa, nyeupe ya amani, kila kitu kiwe na maana yake, anaziweka zote kwa upana unaokaribiana, halafu anashangaa nguo imetoka kama vumbi.

Dawa ya hilo wafumaji wa zamani waliijua. Unachagua rangi mbili au tatu za kubeba nguo kwa mapana, halafu zinazobaki unaziingiza kwa nyuzi chache, vimstari vyembamba. Mstari mwembamba unakatiza kila kitu bila kuchukua eneo. Ile njano yetu ni nyuzi nne katika 104, eneo lake safi karibu na sifuri, lakini ndo jicho linapoenda kwanza.

Mahali pazuri pa kuona hili ni Black Watch, ile tartani ya bluu, nyeusi na kijani ya giza ambayo nadhani umeshaiona kwenye shati au skafu ya mtu hata kama hukuijua jina. Ilivaliwa na kikosi cha jeshi la Uingereza kilichotokana na vikosi vidogo vya ulinzi vya mwaka 1725 kule Nyanda za Juu za Uskoti, ambavyo mwaka 1739 vikaunganishwa kuwa rejimenti moja. Rangi zake zote tatu ni nzito. Bluu ya giza ikikutana na nyeusi unapata giza, kijani ikikutana na nyeusi unapata giza, bluu na kijani nazo zinapata utusitusi wao, kwa hiyo vivuli sita vyote vinakaa jirani na kwa mbali mtu anaona nguo moja nyeusinyeusi yenye miraba inayojificha. Hakuna kinachoruka. Sasa mwaka 1793 ikatakiwa nguo kwa kikosi cha Gordon, na mfumaji mmoja wa mji wa Huntly aliyeitwa William Forsyth akachukua Black Watch ileile akaongeza mstari mwembamba wa njano katikati ya kijani. Rangi nne sasa, vivuli kumi, na nguo imeamka. Mackenzie ni hivyohivyo, ni Black Watch iliyotiwa vimstari vyeupe na vyekundu, rangi tano, vivuli 15. Msingi ni mmoja, tofauti ni nyuzi chache sana, na mtu aliyezoea anazitofautisha kutoka ng'ambo ya barabara. Jeshi ndo lililokuwa linafikiri hivi, sare ya msingi halafu alama ndogo ya kikosi, na familia zikaja kurithi baadaye.

Kuna kitu kingine kinachowasumbua sana wanaonunua, hasa wale wa ughaibuni wanaotafuta nguo ya upande wa bibi mzaa mama aliyekuwa Mskoti. Anaagiza tartani ya Campbell inakuja ya bluu na kijani nyepesi, jirani yake naye anayo Campbell yake ya giza, wanaanza kubishana nani kauziwa feki. Hakuna feki hapo. Kimstari cha nyuzi kinasema B, hakisemi bluu ipi. Kivuli kamili anachagua mfumaji. Ndani ya biashara hiyo kuna familia kadhaa za rangi na kila moja ina jina: kuna za kisasa ambazo ni nzito na zimekolea, zilizozoeleka baada ya rangi za kemikali kuingia, maana rangi ya kwanza ya namna hiyo iligunduliwa na William Perkin mwaka 1856, kuna zinazoitwa za kale, ambazo ni nyepesi, bluu inakuwa samawati na nyekundu inaelekea chungwa, zikiiga rangi za mimea, kuna zilizochakaa, ambapo bluu imekuwa kijivu na kijani imekuwa hudhurungi, zikiiga nguo iliyolala ardhini miaka mingi. Jina lile la kale lisikudanganye, uzi wake umetiwa rangi kwa mashine za leo kama uzi mwingine wowote. Tartani moja inaweza kupatikana kwa sura zote hizo na zote ni halali, kwa sababu mfuatano na uwiano havijaguswa. Campbell yenyewe, kwa taarifa yako, ni mpangilio wa Black Watch, na wapo wa ukoo wa Grant wanaovaa huohuo kama nguo yao ya kuwindia.

Kwa hiyo hapo ndo tunafika kwenye suala la koo, ambalo limejaa hadithi. Watu wanaambiwa kila ukoo wa Uskoti ulikuwa na tartani yake tangu enzi na enzi na mpiganaji alimtambua mwenzake vitani kwa nguo. Nguo ya namna hiyo ni ya zamani kweli, hilo halina ubishi. Kuna kipande kilichokutwa Falkirk mwaka 1933 kimezibia mtungi wenye karibu sarafu 2,000 za fedha za Kirumi, ni cha karne ya 3, na kina drafti ya rangi mbili ambazo ni sufu ya kondoo wenyewe, nyepesi na nyeusinyeusi, bila kutiwa rangi yoyote. Na kuna kipande cha Glen Affric kilichotoka kwenye tope la mboji, kikapimwa, mwaka 2023 ikatangazwa kuwa ni cha kati ya mwaka 1500 na 1600, bado kinaonesha kijani na hudhurungi na dalili za nyekundu na njano. Tartani zilikuwepo. Ila kufunga mpangilio fulani kwa jina la ukoo fulani ni jambo la juzi tu. Mchoraji David Morier alichora vita vya Culloden vya mwaka 1746, pale jeshi la serikali lilipowapiga waasi wa mwanamfalme Charles Edward Stuart aliyekuwa anadai kiti cha ufalme kwa ajili ya ukoo wake, na Waskoti wanane wanaoonekana mbele wamevaa tartani zaidi ya 20 kati yao, mtu mmoja koti hivi, suruali hivi, shuka hivi. Siku ile upande wako ulijulikana kwa kishada cha kitambaa kwenye kofia, na wa waasi kilikuwa cheupe.

Baada ya kipigo hicho serikali ya London ikapitisha sheria, ikaanza kutumika Agosti 1, 1747, mwanamume au mvulana wa Nyanda za Juu haruhusiwi kuvaa mavazi yale, kosa la kwanza miezi sita jela, la pili unasafirishwa kwenda ng'ambo miaka saba. Wanajeshi waliruhusiwa. Na kwa sababu wanajeshi waliruhusiwa, vitanda vya wafumi viliendelea kufanya kazi, vya kampuni ya Wilsons pale Bannockburn hasa, ambao walikuwa wanalisha jeshi na masoko ya ng'ambo. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Wilsons walikuwa na daftari, na la mwaka 1819 lina mipangilio zaidi ya 200 imeandikwa rangi na idadi ya nyuzi kama tunavyoandika leo, mingine ina namba tu, mingine ina majina ya miji, mingine majina ya wateja. Ule unaoitwa leo Macpherson ulianza kama namba kwenye daftari, halafu ukaitwa Kidd kwa jina la mteja aliyenunua marobota ya kuwavalisha watumwa wake kule visiwa vya Karibi, halafu ndo ukapewa ukoo. Hili linapaswa kujulikana zaidi ya lilivyo. Kuna migongo ya Waafrika ilivaa kitambaa hicho kabla hakijawa cha kujivunia kwenye harusi za Edinburgh.

Kilichopindua meza kabisa ni mwaka 1822, Mfalme George IV alipokwenda Edinburgh, mfalme wa kwanza kukanyaga Uskoti akiwa madarakani kwa zaidi ya miaka 150. Mwandishi wa riwaya Walter Scott ndo aliyepanga shughuli, na wakuu wa koo wakaambiwa waje wamevaa tartani zao. Wengi hawakuwa nazo. Wakatuma oda. Miaka 20 baadaye, mwaka 1842, ndugu wawili waliodai ni wajukuu wa mwanamfalme Charles Edward Stuart walitoa kitabu chenye tartani 75, wakasema wameinakili kutoka hati ya karne ya 16. Hati hiyo ni ya kughushi. Lakini nguo zilikuwa nzuri, watu wakazipenda, zikafumwa, zikavaliwa kwenye ndoa na kwenye mazishi kwa vizazi, na leo sehemu kubwa ya tartani rasmi za koo zinatoka mlemle. Ule mpangilio wetu wa mfano, nyekundu na nyeusi pana na kimstari cha njano, ni wa familia ya tartani ya Wallace, nao umetoka kwenye kitabu hicho. Kwangu mimi hiyo haifanyi Wallace kuwa ya uongo. Hati ni ya uongo, nguo ni ya kweli, na watu walioivaa karibu miaka 200 ni wa kweli.

Siku hizi kuna daftari la taifa, lilianzishwa kwa sheria ya Bunge la Uskoti ya mwaka 2008 na likafunguliwa mwaka 2009. Sheria inasema tartani ni muundo unaoweza kufumwa, wenye mistari ya rangi mbili au zaidi inayopishana, inayoungana wima na ulalo kufanya drafti inayojirudia. Huo ndo mpaka wake. Haidai uwe na ukoo wala damu ya Kiskoti, mji unaweza kusajili, shule, timu, kampuni, familia yoyote popote duniani. Tartani zenye masharti ya nani avae ni chache, ya Balmoral ni mojawapo, ile aliyobuni mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, karibu mwaka 1853, inabaki kwa familia ya kifalme. Nayo inafurahisha kwa jambo letu la rangi, maana kile kijivu chake ni uzi mweusi na mweupe uliosokotwa pamoja ili ufanane na mawe ya itale ya Aberdeenshire, yaani kule mchanganyiko umeanzia ndani ya uzi kabla hata ya kufika kwenye kitanda.

Wengi wataniuliza kuhusu shuka ya Kimasai, kwa sababu ukiiweka pembeni ya tartani zinasalimiana. Kwa mantiki ya uzi ni jamaa kweli: rangi iko kwenye uzi, mistari inakwenda wima na ulalo, na pale nyekundu inapokatana na bluu au nyeusi unapata kile kivuli cha tatu. Kwa ile tafsiri ya sheria ya Uskoti shuka nyingi zingepita bila shida. Tofauti kubwa ni kwamba shuka haifungwi kwa hesabu, kiwanda kinatoa mipangilio mingi na mtu anachagua inayompendeza, na wekundu wenyewe ndo unaobeba uzito kuliko idadi ya nyuzi. Kutoka kwenye ufanano huo watu wanaruka mpaka kusema moja imezaa nyingine. Ufanano peke yake hautoshi, maana mtu yeyote mwenye kitanda cha kufumia na nyuzi za rangi mbili atafika kwenye drafti bila kufundishwa na mtu.

Ukiwa na kipande cha tartani mkononi na unataka kukiandika, fanya hivi. Kilaze kwenye mwanga, zifuate nyuzi za mtande moja baada ya nyingine karibu na ukingo, usihangaike na miraba ya katikati maana itakuchanganya na vivuli vyake, ukingoni unaweza kutenganisha uzi mmojammoja. Tafuta mahali ambapo kushoto na kulia panafanana kabisa, hapo ndo pa kugeukia. Endelea mpaka upate pengine pa namna hiyo, kisha hesabu nyuzi za kila rangi kati ya hapo na hapo, tumia sindano kuzihesabia na lenzi kama unayo. Namba zako nyingi zitatoka shufwa, ukipata witiri nyingi rudia kuhesabu. Halafu fanya vilevile kwenye mshindio uone kama vinalingana. Na kama umetembea kitambaa kizima hujapata pa kugeukia, usidhani macho yamekushinda, kuna tartani chache ambazo hazigeuki, zinafika mwisho na kuanza upya palepale, ya Buchanan ndo maarufu kati ya hizo. Hiyo unaiandika bila alama ya /, na ukimpelekea mshonaji wa kilti mwambie mapema, kwa sababu ile inayogeuka ina mahali pa kati anapoweza kupaweka mbele tumboni, kushoto na kulia pakalingana, na Buchanan haina.